Jina la Kumwitia Riversi

Benchi letu liko mtaa wa St. George's, katikati ya Durban, kati ya saluni ya Maman Constance na dirisha la kutengeneza simu. Ni ubao mmoja wa paleti uliotoka bandarini, umelazwa juu ya kreti nne za soda. Wanakaa watano, wa sita husimama, akiegemea nguzo ya robot, maana ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa. Kahawa ni ya Valérie, kutoka Burundi, na ina tangawizi. Kanuni ni moja na haijaandikwa popote: huulizi mtu jina lake la nyumbani, wala njia aliyopitia kufika. Wengi hapa wana karatasi za ukimbizi, karatasi zina majina, na si kila jina ni la aliyelibeba. Kwa hiyo watu hupewa majina hapa hapa. Mzee Dosiye, Mrundi, hatembei bila faili lake la plastiki. Kontena, Mtanzania wa Mbeya, anapakua makontena. Sheikh Chaji, Mzanzibari, ndiye mwenye dirisha la simu. Hata Maman Constance, Mkongo wa Uvira, haitwi Constance. Kibao cha saluni alikikuta kimeandikwa hivyo, akaona kukipaka rangi upya ni kazi bure.

Alhamisi moja ya Juni 2012, saa tisa alasiri, nafasi ya wa sita penye nguzo ilikuwa wazi. Riversi, aliyekuwa akilinda magari na kuyaelekeza yakirudi nyuma kutoka maegeshoni, alikuwa amefariki Jumanne, baada ya wiki tisa wodini. Maziko yalikuwa Jumamosi. Mwenye kampuni ya mazishi alitaka kujua, ifikapo kesho, nani ataongoza sala na kwa dini gani. Benchi lilikaa kumjibu.

— Mkatoliki, — alisema Mzee Dosiye. — Hilo halina mjadala. Mwezi jana nilimkuta kule wodini ameketi kando ya mzee mmoja wa Bujumbura aliyekatwa mguu. Rozari mkononi. Makumi yote matano, kwa Kirundi, hakukosea hata moja. Mzee alikata roho siku ya pili akiwa ametulia.

— Mzee wangu, samahani. — Sheikh Chaji alikuwa dirishani, akibandika stika nyuma ya simu. Kila simu inayoletwa huandikwa jina la mwenyewe, zisichanganyike. — Mimi nilikwenda siku ya Ijumaa. Palikuwa na kijana wa Kisomali, yuko katika sakarati ya mauti. Nani alikuwa akimtia maji mdomoni kwa pamba? Riversi. Nani alikuwa akimlakinia shahada aitamke? Riversi. Kwa sauti ya chini, taratibu, bila ya kumkazania. Hayo hayajui ila aliyefundishwa.

— Msomali alikufa Mwislamu, sawa, — alisema Kontena. — Lakini Riversi alikuwa hai. Huwezi kumpa mtu dini ya jirani yake wa kitanda.

— Nguruwe hali.

— Nguruwe nani anakula hapa, Sheikh? Mimi mwenyewe sijaonja tangu mwaka jana, na ni Mmoraviani wa kubatizwa.

Maman Constance alitoka saluni na kitana kichwani, akaketi.

— Munapoteza muda. Yule alikuwa mtu wa kanisa kama sisi. Nilimukuta anamuimbia papa mmoja wa Bukavu, mwenye maji kwa tumbo. Cantique nzima, na ile sauti ya pili, ya wanaume. Papa analia, anacheka, analia. Nikasema, huyu ni wetu. Niko nimeshaongea na pasteur. Chorale iko tayari. Matanga tunafanya kwangu, siku tatu.

— Siku tatu utafunga saluni?

— Nitafunga.

— Siku tatu za nyimbo kwa mtu aliyekuwa anahama benchi ukifungulia redio, — alisema Kontena.

— Redio yangu, si nyimbo. Sikia vizuri, mwana.

Mzee Dosiye aliinua mkono.

— Na mwaka ukipita, nani atamwondolea kilio? Kwetu msiba hauishi kaburini. Mnakutana tena, mnamaliza, ndipo mtu anarudi kwenye maisha yake. Mwaka ukipita nani atakuwa bado hapa?

Kila mmoja aliangalia kikombe chake. Kontena ndiye aliyeanza tena.

— Mnasahau kitu. Pengine hazikwi hapa kabisa. Mimi nasema yule alikuwa Mtanzania. Wa Kigoma. Akaingia na karatasi ya Mrundi, kama wengine ninaowajua, sitaji mtu.

— Usitaje, — alisema Valérie.

— Sitaji.

— Ushahidi wako nini? — aliuliza Sheikh Chaji.

— Pole. Mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara, Riversi anasema pole. Gari likimwagia maji, anamwambia dereva pole. Mrundi gani anafanya hivyo?

— Mimi, — alisema Mzee Dosiye.

— Wewe umekaa nasi miaka tisa, mzee. Umeambukizwa.

— Bon, nitasema ninachofikiri, — alisema Maman Constance, akavuta kreti mbele. — Yule alikuwa abbé. Padri kabisa, aliyekimbia na kuacha parokia. Ndiyo maana anajua sala ya kila mtu.

— Padri anayejua shahada? — aliuliza Sheikh Chaji.

— Walisoma sana, wale.

— Askari, — alisema Mzee Dosiye. Alisema taratibu, kama mtu aliyekuwa amelificha. — Nimekaa naye mbele ya yule mzee mpaka dakika ya mwisho. Hakugeuza uso. Mtu anayekaa hivyo na anayekufa, amewaona wengi.

— Au alikuwa analipwa, — alisema Kontena. — Kampuni za mazishi siku hizi zina watu wodini. Wanakaa na mgonjwa, wanamzoea, akifariki wanapiga simu. Dini zote wanajifunza, ni biashara.

Valérie aliweka chini kikombe alichokuwa akikisuuza.

— Wiki tisa anakohoa damu, Kontena. Nani analipwa kwa hiyo?

Kontena aliangalia viatu vyake.

— Nimeteleza. Nisamehe, dada.

— Usiniombe mimi.

Valérie hakuwa mtu wa kuzungumza benchini. Kazi yake ilikuwa kumimina. Siku hiyo aliketi kwenye ukingo wa ubao, chupa ya kahawa magotini, akasema mfululizo.

— Mimi nilikuwa napeleka uji kila asubuhi. Nyinyi mlikwenda mara moja moja. Wagonjwa thelathini, wauguzi wawili. Anayekaribia kufa anavutiwa pazia, basi. Wengine hawana lugha hata ya kuomba maji. Riversi alikuwa anashuka kitandani kwake, anavuta kile chuma chake cha dripu, anakwenda kukaa. Anamuuliza mtu: kwenu, mtu akifika hapa, anasemewa nini? Anayeweza anamwambia, naye anasema hivyo hivyo. Asipojua anaomba afundishwe. Ile rozari, Mzee Dosiye, yule mzee alimfundisha siku nne nzima. Shahada alifundishwa na kaka wa yule Msomali, kabla ya saa ya wageni kuisha. Wimbo sijui.

— Sauti ya pili hakuikosea, — alisema Maman Constance.

— Basi na huo alifundishwa.

— Kwa hiyo kila mmoja wetu alimkuta akifanya yetu, — alisema Sheikh Chaji.

— Ndiyo.

— Na yake?

— Yake sikumkuta akifanya.

Robot ilikuwa nyekundu. Taxi tatu zilisimama mbele yetu, kondakta wa kwanza akiita abiria wa Pinetown. Zilipoondoka, tulimwona mwanamke ng'ambo akisubiri kuvuka. Umri wake ulikuwa kama sitini. Alikuwa na blanketi mabegani lililofungwa kwa pini, na mkoba ambao gazeti lilichomoza juu yake. Alivuka, akatazama kibao cha saluni, akatazama ubao wa paleti, akasimama mbele yetu.

— Sanibonani.

— Yebo, Mama, — tulijibu.

Alizungumza Kizulu. Maman Constance, anayesuka vichwa vya Wazulu tangu asubuhi hadi jioni, alitafsiri.

— Mimi ni MaShezi, wa Cato Manor. Binti yangu ameishi na mtu wenu miaka sita. Binti yuko kwenye godoro la msiba, haruhusiwi kutoka mpaka maziko. Ndiyo nimekuja mimi.

Tulijua Riversi ana mtu Cato Manor. Hatukuwa tumeuliza. Kontena alisimama kumpisha, Valérie akampa kahawa. MaShezi aliketi, akafungua gazeti kidogo. Ndani mlikuwa na tawi la mti lenye miiba, moja imenyooka, moja imepinda, mpaka mwisho wa tawi.

— Umlahlankosi, — alisema. — Mtu akifia hospitali, roho yake inabaki palepale kitandani. Haijui njia. Kesho asubuhi nakwenda kumchukua. Unasimama penye kitanda na tawi, unamwita kwa jina lake na jina la ukoo wake, unamwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo husemi na mtu. Unasema naye tu. Hapa tunashuka ngazi. Hapa tunapanda taxi. Hapa tunavuka daraja. Mpaka nyumbani.

— Na kwenye taxi? — aliuliza Kontena.

— Unalipa viti viwili.

— Dereva anakubali?

— Anayejua anazima redio.

— Na wauguzi?

— Wengi ni wa kwetu. Wanangoja, kitanda hawampi mwingine.

Mzee Dosiye alikuwa akilisogeza faili lake kutoka goti moja hadi jingine.

— Hii kazi ni ya watu wa kwao, — aliendelea MaShezi. — Baba yake, kaka yake, shangazi. Mkwe hachukuliwi na mama wa mke. Lakini hana mtu, na siwezi kumwacha pale. Jumamosi tukizika mwili peke yake tutakuwa tumezika nguo. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, niondoke. Anaitwa nani?

Robot iligeuka kijani. Magari yalipita. Ikageuka nyekundu tena.

— Riversi, — alisema Kontena.

— Hilo ni jina la kazi, mwanangu. Nikimwita hivyo atafikiri kuna gari linatoka.

Mahali pengine watu wangecheka.

— Séverin Niyongabo, — alisema Sheikh Chaji. — Ndivyo alivyoniandikisha kwenye simu yake. Stika naikumbuka.

— Hilo ni la karatasi. Alimwambia binti yangu zamani: mwenye jina alipata karatasi mbili, akampa moja. Yuko Port Elizabeth. Nilimpigia juzi. Ana afya, ana duka. Unataka nisimame penye kitanda cha marehemu nimwite mtu aliye hai?

— Astaghfirullah. La.

— Nilimuuliza huyo kama anamjua mwenzake. Akasema walikutana kwenye foleni ya ofisi, siku moja.

— Mama, — alisema Maman Constance, na safari hii hakuwa akitafsiri, — Mungu anamujua kwa jina.

— Mungu anamjua. Anayekwenda kumchukua ni mimi.

— Wewe mwenyewe ulikuwa unamwitaje?

— Mkhwenyana. Mkwe. Wodi ile imejaa wakwe wa watu. Nikiita mkwe, watainuka wangapi?

Sheikh Chaji alitoka dirishani kwake, jambo analolifanya kwa sala tu, akaja kusimama penye nguzo.

— Kwetu kuna jambo, Mama. Maiti akishafukiwa, kuna wanaomsomea pale juu ya kaburi, na humwita kwa jina la mama yake. Fulani mtoto wa fulani. Ikiwa mama hajulikani, huambiwa: ewe mtoto wa Hawa.

— Hawa ni mama wa nani?

— Ni mama wetu sote.

MaShezi alifikiri.

— Basi watakuja wote, — alisema. — Nina kiti kimoja.

Alilifunika tawi, akalikunja gazeti vizuri pembeni ili miiba isimchome mtu.

— Sikuja kwa kubahatisha, — alisema. — Jumapili nilikwenda kumwona. Alikuwa na ile maski ya hewa, anasema neno moja, anapumzika. Nilimwambia, mkwe, kwa heshima, nahitaji jina lako la kwenu. Akaitoa maski. Akasema: waulize wa benchi. Wale wananijua.

Maman Constance alitafsiri mpaka "waulize wa benchi". Sehemu ya mwisho hakuitafsiri. Kila mtu alikuwa ameielewa.

Nimewahi kuona benchi hili likikaa kimya wakati polisi wa uhamiaji wanapita. Ule ni ukimya wa watu wanaoangalia pande tofauti. Safari hii wote waliangalia mahali pamoja, ile nguzo aliyokuwa akiiegemea Riversi. Rangi yake ilikuwa imechubuka penye usawa wa bega lake.

— Alitaka kuniambia, — alisema Mzee Dosiye.

Alililaza faili magotini.

— Mwaka juzi, mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa kubwa, tulikuwa wawili tu, chini ya kibaraza cha Constance. Tulizungumza habari za mama zetu. Akasema, mzee, mimi kwetu naitwa... Nikamwekea mkono kifuani. Nikamwambia, hapana mwanangu, hapa hatuulizani. Nilifikiri namheshimu. Nilifikiri namkinga, kesho wakinikamata wakanibana nisiwe na la kusema.

— Naye?

— Akacheka. Akasema, asante mzee. Tukaongea habari za mvua.

— Hakufika hata kwenye herufi ya kwanza?

— Sikumwachia afike.

MaShezi alimtazama kwa muda. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na huruma. Alikuwa kama mtu anayepima umbali.

— Basi utakuja nami kesho, — alisema. — Saa tatu asubuhi, langoni.

— Mama, mimi ni Mkatoliki. Sisi wafu tunawaombea. Hatuwaiti.

— Sikuambii umwite. Kumwita ni kazi yangu, nitaita kwa lile nitakaloliweza. Wewe ulimwekea mkono kifuani. Utamwambia umeuondoa. Utamwambia aseme.

— Na asiposema?

— Atakuwa amesikia kwamba ameulizwa.

Mzee Dosiye alivua kofia, akaiweka juu ya faili. Maman Constance alifungua kinywa kuhusu pasteur, akakifunga. Kontena aliuliza kama zitalipwa nauli za viti vitatu sasa, na Valérie akamjibu kuwa ndiyo, na cha mzee analipa yeye.

— Nitakuja, — alisema Mzee Dosiye.

— Kuna jambo moja lililobaki. — MaShezi alikuwa ameshasimama, mkoba begani. — Ukifika pale lazima ujitambulishe kwanza. Huwezi kusimama mbele ya mtu na kumuuliza jina lake, wewe wala hujasema lako. Nami nitakuwa nimeshika tawi, lazima nijue nimefuatana na nani. Unaitwa nani, baba?

Lilikuwa swali la kawaida. Kwingineko mjini huulizwa mtu kabla hajapewa hata kiti. Mzee Dosiye aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Aliangalia faili, ambalo ndani yake mlikuwa na jina lililogongwa mihuri ya miaka tisa, na hakulifungua. Valérie aliinua chupa amwongeze kahawa, ikatoa matone mawili, ikaisha. Aliishikilia vilevile, imeinama juu ya kikombe.

— Sheikh, — alisema Mzee Dosiye. — Nipe stika moja.

Sheikh Chaji alikwenda dirishani, akarudi na msokoto wa stika na kalamu. Mzee Dosiye aliiweka stika juu ya kofia yake, akaandika. Aliandika polepole, herufi kubwa, majina mawili, kisha chini yake la tatu, pengine la ukoo, na sisi wote tukaangalia barabarani tusiyasome, mpaka alipomaliza. Aliibandua, akampa MaShezi. MaShezi alisogeza midomo akilisoma, akalisoma tena mpaka likamkaa, akaibandika kwenye gazeti lililofunika tawi. Akaaga. Tulimwona akivuka robot ikiwa kijani kwake, mkono mmoja juu ya mkoba.

Kontena alinyoosha kiganja bila kumwangalia mtu. Sheikh Chaji alimkatia stika. Akamkatia Maman Constance. Valérie aliweka chupa chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akapokea ya kwake. Iliyofuata Sheikh Chaji aliikata, akakaa nayo kidoleni, akingoja kalamu imrudie, aandike lake.